Kituo cha Kutokeza: Pima Kituo Chako cha Daladala Kabla Hujaandika Barua

Watu wananitumia barua zao baada ya kukataliwa na zote zinafanana, "tunaomba kituo chetu kirekebishwe kwani kinahatarisha maisha ya wananchi", sahihi arobaini chini, muhuri wa mtaa, basi. Hoja wanayo kabisa, sibishi. Ila barua nzima haina namba hata moja, na mhandisi hawezi kuchukua neno "hatari" akalichora. Wengine wanaomba kitu kizuri kwenye barabara isiyofaa, wengine wanapeleka ofisi isiyohusika, na wapo waliochanga hela wakamwaga zege wenyewe usiku, hao nawahurumia maana walivunjishwa lote.

Hapa naongelea kitu kimoja tu, kituo cha kutokeza. Yani njia ya waenda kwa miguu inasogezwa mbele pale kituoni, inajaza ile nafasi ambayo magari yanapaki pembeni, inafika karibu na mstari wa leni. Daladala haichepuki. Inasimama kwenye leni yake, mlango unafungukia ukingoni, watu wanashuka, konda anagonga bodi, imeondoka. Ni kinyume cha kile kituo cha kuchimbwa pembeni tulichokizoea, yani cha kuchepuka.

Najua unachotaka kuuliza, "sasa si italeta foleni?" Inaweza, ndo maana tunapima. Lakini kwanza nenda kaangalie kituo chenu cha kuchimbwa kinatumikaje kweli. Bajaji tatu zimepaki, toroli la machungwa, boda wamelalia pikipiki kivulini, na gari ya mtu aliyesema anaingia dukani dakika moja. Daladala inasimama wapi? Kwenye leni. Abiria wanasubiri wapi? Kwenye lami. Kituo kilishatokeza zamani, kilichobaki nyuma ni ukingo tu.

## Vifaa vya kuandaa

Tepu ndefu ya mafundi, mita 30 au 50, ile fupi ya mita 5 itakutesa. Simu mbili zenye chaji, moja ya kupimia sekunde na nyingine ya picha. Daftari la mistari na kalamu, sio kuandika kwenye simu, mvua ikija au simu ikizima umepoteza asubuhi nzima. Chaki kubwa. Viakisi mwanga (zile fulana za rangi ya limao) kwa kila atakayekuwa barabarani. Kipande cha bomba la maji lenye maji ndani au programu ya kupima usawa kwenye simu. Watu wanne, wasipungue.

Kwa baadaye, kama mtapewa kibali cha jaribio: koni, rangi ya barabara, na madumu ya lita 20 ya kujaza mchanga.

## Hatua ya 1. Jua barabara ni ya nani

Kabla hujapima chochote. Hapa Dar barabara kubwa kama Morogoro, Nyerere, Mandela, Kilwa na Bagamoyo ziko chini ya TANROADS, wao wana barabara kuu na za mkoa. Za mitaani na za kuunganisha kata nyingi ziko chini ya TARURA, ile wakala iliyoanza 2017 chini ya TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa). Usikisie kwa kuangalia lami ilivyo nzuri. Nenda kwa mtendaji wa kata uulize, akikuambia hajui muombe akuulizie kwa mhandisi wa wilaya.

Sababu ni rahisi, ofisi isiyo na barabara hiyo haiwezi kuigusa hata kama inakupenda. Na LATRA wanahusika na leseni na njia za daladala, sio na zege, kwa hiyo wao ni wa kupewa nakala.

Umefaulu kama una jina la barabara lilivyoandikwa rasmi na cheo cha mtu wa kumwandikia.

## Hatua ya 2. Kaa kituoni uhesabu

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye utajiri wote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chagua siku ya kazi, Jumanne mpaka Alhamisi, Jumatatu na Ijumaa zina vurugu zake. Saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 2 na nusu, halafu jioni saa 11 mpaka saa 1. Kila mtu apewe kazi yake.

Wa kwanza anaandika kila daladala inayosimama na sekunde ilizosimama, kuanzia tairi likiacha kuzunguka mpaka likianza tena. Wa pili anaangalia kitu kimoja tu, mlango ukishafungwa dereva anasubiri sekunde ngapi kabla hajafanikiwa kuchomekea kurudi kwenye leni. Hiyo namba ya pili iandike safu yake peke yake, usiichanganye na ya kwanza, maana ndo muda ambao kituo cha kutokeza kinakuja kuuondoa. Sekunde za kupakia zitabaki kama zilivyo, kituo hakiwezi kumharakisha mama mwenye ndoo mbili za samaki.

Wa tatu anahesabu watu wanaovuka barabara ndani ya mita 30 za kituo na wanavukia wapi, mbele ya gari au nyuma. Wa nne anahesabu boda.

Ngoja nieleze kuhusu boda. Mimi nilishukia kituo kimoja hukuhuku Sinza, daladala imesimama kama mita moja na nusu kutoka ukingoni, nimeweka mguu mmoja chini, mwingine bado kwenye ngazi, pikipiki ikapita katikati yangu na ukingo. Kioo chake cha pembeni kilinasa mkanda wa begi, begi likazunguka na mimi nikazunguka nalo. Konda akasema "angalia bro", sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu. Ule upenyo kati ya mlango na ukingo, sisi tunashukia, boda anauona ni njia. Kituo cha kutokeza kinaufunga, gari linalala kabisa na ukingo na boda inabidi asubiri au apite upande wa dereva. Kwa hiyo wa nne anaandika boda wangapi wamepita upande wa mlango wakati mlango uko wazi. Hiyo namba peke yake inaweza kubeba barua yako.

Onyo: msisimame kwenye lami kuhesabu, simameni nyuma kwenye baraza ya duka. Na msiwaambie makonda mnahesabu, wakijua wanaanza kusimama kwa adabu na namba zako zinakuwa za uongo.

Umefaulu kama una kurasa za safu nne zenye saa pembeni na mtu mwingine anaweza kuzisoma bila wewe kuwepo.

## Hatua ya 3. Pima upana

Alfajiri ya Jumapili, gari zikiwa chache, fulana mmevaa, mmoja kazi yake ni kuangalia magari tu asishike tepu.

Pima kutoka ukingo mpaka ukingo. Pima nafasi ya kupaki ilivyo upande wa kituo. Pima njia ya miguu nyuma ya kituo, kuanzia ukingo mpaka ukuta au kibanda cha kwanza. Zote tatu, kwa sehemu tatu tofauti, maana barabara zetu zinabana na kupanuka zenyewe.

Hesabu ni hii. Leni inayopita basi inataka mita 3, kushuka chini ya hapo hapana, 3.3 ni nzuri. Barabara ya leni moja kila upande inataka ibaki na mita 6 mpaka 6.6 baada ya kutokeza. Nafasi ya kupaki huwa na mita 2 mpaka 2.5, na ukingo mpya usiimalize yote, urudi ndani kama sentimita 30 ili tairi la gari linalopita lisiusugue. Kama barabara yenu ina mita 7 jumla na hakuna sehemu ya kupaki, samahani, funga daftari, kituo cha kutokeza hakiingii hapo.

Urefu unategemea gari. Kosta ina kama mita 7, Hiace kama 5, basi kubwa 12. Mkitaka Kosta mbili zisimame kwa pamoja, jukwaa la mita 16 linatosha. Na hapa kuna faida ambayo watu hawaioni: kituo cha kuchepuka kinataka mkato wa kuingilia na wa kutokea, kwa hiyo kinakula barabara ndefu kuliko gari lenyewe. Cha kutokeza hakina haja hiyo, nafasi inayobaki warudishie bajaji na wenye maduka, utaona inavyokusaidia kwenye hatua ya 6.

## Hatua ya 4. Fuata maji

Nimeona mchoro mzuri sana ukikataliwa kwa swali moja, "maji yatapita wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Maji ya mvua kwenye barabara nyingi za Dar yanatembea pembeni, palepale unapotaka kuweka zege. Ukitokeza ukingo bila kufikiria umejenga bwawa, na masika ya Machi mpaka Mei itakuonyesha. Abiria wataruka dimbwi, na wakichoka kuruka watarudi kusimama kwenye leni.

Nenda siku ya mvua, piga video maji yanatoka wapi yanaingia wapi. Siku kavu mwaga ndoo mbili uangalie. Kama mtaro ni wa wazi na uko nyuma ya njia ya miguu, shida ni ndogo. Kama maji yanapita kwenye ukingo wenyewe, kuna njia mbili: jukwaa lisigusane na ukingo wa zamani, liachwe na mfereji katikati uliofunikwa kwa nondo au chuma cha kuondosheka, au bomba lipite chini ya jukwaa. Mimi napendelea mfereji wa kufunikwa, kwasababu bomba likiziba na chupa za maji na mifuko hakuna atakayelizibua mpaka nyumba ya mtu iingie maji. Kifuniko ukiweza kukiinua unasafisha kwa fagio. (Vifuniko vya chuma vinaibiwa, ndio. Omba vya zege.)

Umefaulu kama unaweza kuchora mshale mmoja wa maji kutoka juu ya kituo mpaka mtaroni bila kuinua kalamu.

## Hatua ya 5. Sasa amua kwa ukweli kama kinafaa

Chukua namba za hatua ya 2. Daladala kwa saa, mara wastani wa sekunde zilizosimama. Tuseme ni 40 na kila moja inasimama sekunde 30, hiyo ni sekunde 1,200, yani dakika 20 kwenye saa nzima leni ina gari limesimama. Inavumilika, hasa kama foleni yenyewe inatambaa. Tuseme ni 100 kwa sekunde hizohizo 30, unapata dakika 50. Hapo ukiweka kituo cha kutokeza chenye nafasi ya gari moja umefunga barabara, inabidi jukwaa la gari mbili au tatu, au uachane nalo.

Na sekunde 30 ni za kituo cha njiani. Pale ambapo konda anasubiri lijae, mpiga debe anaita, dereva amezima injini anakula mahindi, hapo sio kituo hapo ni kijiwe, na kinataka nafasi ya kusimama nje ya leni. Usiombe kituo cha kutokeza mwanzo au mwisho wa njia.

Sehemu nyingine za kuacha: barabara ambayo magari yanakimbia, kikomo cha mjini ni 50 kwa saa lakini wewe unajua wenyewe wanaendaje, gari likisimama kwenye leni hapo linagongwa nyuma. Barabara yenye njia ya mwendokasi katikati nayo ina vituo vyake na mpangilio wake, usiichanganye. Kona pia, na juu ya kilima ambapo anayekuja nyuma hakuoni.

Kinapofaa sasa, faida kwa anayevuka ni ya kuhesabika. Barabara ya mita 11, ukitokeza mita 2 zinabaki 9. Mtu wa kawaida anatembea mita 1.2 kwa sekunde, alikuwa anatumia sekunde 9 na kidogo, sasa 7 na nusu. Sekunde moja na nusu unaweza kuiona ndogo, ila gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo hiyo ni mita 20 za gari ambalo halijakufikia. Halafu mtoto aliyesimama mwisho wa jukwaa anaonekana na dereva, hajafichwa na magari yaliyopaki, na yeye anaona. Kwangu mimi hiyo ya kuonekana inazidi hata zile sekunde.

San Francisco walibadilisha vituo vya kuchepuka vya Mission Street vikawa vya kutokeza na utafiti uliotoka 2001 ulikuta mabasi na hata magari mengine yanapita kwa kasi nzuri zaidi kwenye kipande kile, na njia ya miguu inapitika vizuri. Unaweza kuutaja kwenye barua, ila usiutegemee sana, kule basi halisubiri kujaa.

## Hatua ya 6. Ongea na wanaokaa pale

Kabla ya mchoro, sio baada. Mama ntilie, machinga, vijana wa boda, wapiga debe, mwenye duka la mbele. Ukienda na mchoro umeshakamilika utaambiwa umetumwa.

Nenda na tepu, sio na karatasi. "Mama shikamoo, hapa tunataka watu wasisimame tena barabarani, hii meza yako itabaki hapa au tuisogeze hivi?" Mchoree kwa chaki chini. Nimeona mama mmoja akimrekebisha fundi, akamwambia mwanangu ukiweka hapo jua la saa nane litawachoma abiria, watakuja wote kivulini kwangu na njia itaziba. Alikuwa sahihi, jukwaa likasogezwa mita tatu kwenye mchoro.

Boda wapewe sehemu yao iliyochorwa, baada ya kituo, sio kabla. Wakiwa kabla watakuwa wanakata mbele ya daladala inayoingia.

## Hatua ya 7. Chora

Karatasi moja ya A4, sentimita moja iwe mita mbili, penseli inatosha. Vitu ambavyo visikosekane:

Zebra iwe nyuma ya daladala iliyosimama, yani daladala ipite zebra kwanza ndo isimame, na kati ya mkia wa gari na zebra ziwepo angalau mita 3. Anayeshuka avukie nyuma ya gari. Akivukia mbele hamwoni anayelipita daladala na dereva huyo hamwoni yeye, na hiyo ndo ajali yenyewe ya vituo vyetu. Kama zebra ya sasa iko mbele ya kituo, sogeza kituo kwenye mchoro, hicho ndo kipengele cha kwanza cha kuomba hata kama mengine yote yatakataliwa.

Nyuma ya wanaosubiri iachwe njia ya kupita, mita 1.5 au zaidi, bila meza. Ukingo urefu wa sentimita 15. Sehemu moja ya mteremko kwa ajili ya baiskeli ya walemavu na toroli, kila sentimita 1 ya kupanda ipewe sentimita 12 za urefu, kwa hiyo ukingo wa 15 unataka mteremko wa mita 1.8. Mwanzo wa jukwaa pale magari yanapotokea wekeni nguzo yenye kiakisi mwanga, usiku jukwaa lisiloonekana linapandwa na tairi la mtu.

Na mshale wa maji. Usiusahau.

## Hatua ya 8. Barua

Ukurasa mmoja, picha tatu, jedwali la namba, mchoro. Mistari miwili ya kwanza iwe na namba: "Kati ya saa 12:30 na 2:30 asubuhi, daladala kadhaa zilisimama, kati ya hizo nyingi zilisimama leni, na boda kadhaa walipita upande wa mlango uliofunguliwa", pale pa "kadhaa" na "nyingi" weka zako za kweli.

Usiombe "kituo kijengwe". Omba jaribio la wiki nne kwa koni na rangi. Ofisi inaogopa zege kwasababu zege lina bajeti na lawama, koni hazina. Pitisha kwenye mkutano wa mtaa, ambatanisha muhtasari wenye sahihi, halafu mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, ndo kwa meneja wa barabara husika. Nakala kwa askari wa usalama barabarani na LATRA. Omba wakugongee muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, bila huo miezi mitatu baadaye utaambiwa hatujaiona.

Kama mtu atasema mambo haya ni ya Ulaya, mtajie SARSAI ya shirika la Amend, kazi ya kurekebisha barabara za karibu na shule kwa vitu vya bei nafuu kama njia za miguu na matuta, ilifanyika hapahapa Dar na 2019 ikapata tuzo ya miji ya WRI Ross.

## Hatua ya 9. Jaribio, kwa kibali tu

Kuweka kitu barabarani bila kibali ni kosa, na mtu akijikwaa kwenye dumu lako usiku ni juu yako. Kibali mkononi, askari ameambiwa siku na saa.

Anzeni Jumapili. Choreni umbo lote kwa chaki, kisha rangi, kisha madumu ya mchanga kila mita moja na nusu pembeni inayotazama leni, koni mwanzoni. Madumu yapakwe nyeupe na kuzungushiwa kiakisi mwanga. Jaza mchanga sio maji, maji yatachotwa.

Siku mbili za kwanza mtu awepo pale asubuhi na jioni kuwaelekeza abiria wapande kwenye umbo jipya. Madereva watalalamika siku ya kwanza. Kufika ya tatu utasikia konda mwenyewe akisema "sogea humo ndani ya madumu twende".

Wiki ya pili rudia hatua ya 2, watu walewale, saa zilezile. Umefaulu kama safu ya kuchomekea imekaribia sifuri, boda upande wa mlango wamekwisha, na foleni nyuma ya daladala inaondoka kabla daladala inayofuata haijafika. Ikiwa magari yanalipita daladala kwa kuingia leni ya wanaokuja, na yanafanya hivyo kila baada ya dakika chache, simamisha jaribio siku hiyohiyo usisubiri wiki nne ziishe. Hapo panataka kizuizi cha katikati ya barabara kwanza.

Muda wa kibali ukiisha toeni kila kitu siku hiyo, mchanga wa madumu mpeni anayejenga jirani, msiumwage mtaroni.